Mbuna wa Ziwa Nyasa na Majina ya Mahali katika Mwambao wa Ruvuma

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu makala juu ya ngeli, lahaja na tenzi. Makala hii yahusu samaki. Siombi radhi kwa hayo, kwa kuwa jambo linishughulishalo ni la lugha tangu mwanzo: jinsi jina la kiumbe linavyoweza kufungamana na jina la mahali hata moja likiharibika katika maandishi, la pili nalo lisiwe na maana. Mfano ulio dhahiri kuliko yote niijuayo uko katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma, katika nchi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hata ilipotengwa katika mwaka 2012 kuwa Wilaya ya Nyasa. Lakini kabla ya kufika ziwani yafaa tumtaje ndege mmoja wa mbali, maana kwa ndege huyo somo lote hili lilianza.

Chiriku kwetu ni ndege mdogo alaye mbegu, mwepesi wa sauti, hata mtu mwenye maneno mengi husemwa kuwa anaongea kama chiriku. Watu waelezao kwa Kiswahili habari za Charles Darwin huwaita kwa jina hilo ndege wadogo wa visiwa vya Galápagos, vilivyo katika bahari ya Pasifiki kiasi cha kilomita 1,000 magharibi ya nchi ya Ecuador. Kwa kweli ndege hao si chiriku. Wazungu waliwafananisha na ndege wa kwao kwa sababu ya umbo la midomo, na jina likashika. Baadaye uchunguzi ulionyesha kuwa ukoo wao ni mwingine, wa ndege wa Amerika. Jina lao la Kiswahili basi ni tafsiri sahihi ya jina lisilo sahihi, jambo ambalo wafasiri wanalijua vyema.

Darwin alifika huko katika mwaka 1835. Makamu wa gavana wa visiwa hivyo, Nicholas Lawson, alimwambia kuwa akimwona kobe aweza kusema ametoka kisiwa gani. Darwin hakulitia maanani neno hilo upesi. Aliwapiga ndege, akawakausha, akawatia pamoja, na wengi wao hakuwaandikia jina la kisiwa. Aliporudi Uingereza, na John Gould alipowachunguza ndege hao katika mwaka 1837 na kusema kuwa ni spishi mbalimbali za ukoo mmoja, ndipo Darwin alipotambua kosa lake. Ilimbidi kutazama mikusanyo ya wenzake wa safari, miongoni mwao Kapteni FitzRoy, ambao waliandika mahali. Kosa lake lilikuwa kuacha majina ya mahali nyuma, kwani ndege wenyewe alikuwa nao.

Jambo lililogunduliwa kwa ndege hao lajulikana sasa kwa kila mwanafunzi. Wazee wao walikuwa wa namna moja. Walitawanyika visiwani, na katika kila kisiwa wakapata chakula tofauti na maisha tofauti. Mmoja ana mdomo mnene wa kuvunjia mbegu ngumu. Mwingine mdomo mwembamba wa kuokotea wadudu. Mwingine hushika mwiba wa mpungate na kuutumia kumchokoa funza katika mti. Na katika kisiwa cha Wolf yuko anywaye damu ya ndege wakubwa wa baharini. Peter na Rosemary Grant, walioanza kazi yao katika kisiwa kidogo cha Daphne Major katika mwaka 1973, waliona jambo hilo likitendeka mbele ya macho yao: katika ukame wa mwaka 1977 mbegu ndogo zilikwisha, ndege wenye midomo midogo wakafa kwa wingi, na kizazi kilichofuata kikawa na midomo mikubwa kuliko kilichotangulia.

Visiwa vyetu wenyewe havikukosa viumbe wa jinsi hii. Pemba peke yake ina ndege wanne wasiopatikana mahali pengine popote duniani: njiwa mmoja wa kijani, bundi mdogo, chozi, na ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Lakini wanne ni wachache. Atakaye kuona katika Afrika ya Mashariki jambo lifananalo na lile la Galápagos, tena kwa wingi unaolishinda mara nyingi, na aache bahari, aende ziwani.

Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zipatazo 560, na kina chake kirefu kabisa ni kama mita 700. Maji yaliyo chini ya mita 250 hivi hayana hewa ya kuvutwa na samaki, kwa hiyo maisha yote ya samaki yako katika tabaka la juu. Humo mna samaki wa jamii ya perege, ambao wataalamu huwaita sikilidi, na idadi ya spishi zao hukisiwa kuwa baina ya 700 na 1,000. Karibu wote hawapatikani nje ya ziwa hilo na mito yake. Hakuna ziwa jingine duniani lijulikanalo kuwa na spishi nyingi za samaki kuliko hili. Samaki wa kwanza kupelekwa Ulaya walikusanywa na John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone uliofika ziwani katika mwaka 1859. Albert Günther aliwaeleza katika mwaka 1864. Baadaye Bi Ethelwynn Trewavas wa makumbusho ya London aliandika muhtasari wa sikilidi wote wa ziwa waliojulikana hata mwaka 1935, kitabu ambacho hata leo mtu hawezi kuanza kazi pasipo kukifungua.

Miongoni mwa sikilidi hao limo kundi liitwalo mbuna. Neno hili ni la lugha za ziwani, na maana yake ni samaki wadogo wakaao katika mawe. Wavuvi wawatenga na utaka, ambao ni sikilidi wengine waendao makundi makundi katika maji ya kati, na ambao huvuliwa kwa chakula. Msomaji asilichanganye neno hili na mbuni. Huko Mbinga mbuni ni mti wa kahawa, na kahawa ndiyo mali ya milimani. Kwingineko mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka, na tena ni mtu abuniye jambo. Mbuna hana udugu na yeyote kati ya hao. Kisarufi huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: mbuna huyu, mbuna hawa.

Sasa natufikiri maana ya neno kisiwa. Mtoto wa shule atasema kuwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji. Maelezo hayo ni ya mtu akaaye nchi kavu. Kwa mbuna, ambaye chakula chake, maficho yake na uwanja wake wa kuoana vyote vimo katika mawe, kisiwa ni jabali lililozungukwa na mchanga au na kilindi. Mwambao wa Ruvuma umejengwa kwa jinsi hiyo hasa. Mto Ruhuhu wamwaga mchanga wake karibu na Manda. Kisha yaja mafungu ya mawe, kisha ufuko mrefu wa mchanga, kisha mawe tena, hata Liuli, Mbamba Bay, na kusini zaidi hata Chiwindi kwenye mpaka wa Msumbiji. Mbele ya pwani viko visiwa vidogo vya kawaida, kama Lundo, Puulu na Hongi, ambavyo navyo vimezungukwa na mawe chini ya maji. Majabali ya Liuli yanayotokeza nje ya maji yaliwafanya Wajerumani waipe bandari ile jina la Sphinxhafen, yaani bandari ya sanamu ya Misri; na ni hapo hapo, katika Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wanahistoria hulikumbuka jabali la Liuli kwa mizinga hiyo. Mwenye elimu ya samaki hulikumbuka kwa yale yaliyo chini yake.

Mtu wa kwanza kulieleza vizuri jambo hili alikuwa Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi yake Nkhata Bay, ng'ambo ya ziwa, na kuichapisha katika mwaka 1959. Alionyesha kuwa mbuna hafuati maji, bali hufuata mawe. Kwamba upana wa mchanga ambao mtoto wa binadamu angeupita kwa miguu kwa muda mfupi watosha kumzuia mbuna asiende kwa jirani yake. Na kwamba kwa sababu hiyo samaki wa jabali hili na wa jabali lile wawezapo kutengana, hutengana kwa kweli.

Sababu moja ya kutengana huko ni malezi. Samaki wengi wa baharini huacha mayai yao yachukuliwe na maji, na watoto wao hutupwa mbali wasikozaliwa. Mbuna jike hutaga mayai machache, makumi tu, kisha huyachukua kinywani, na humo ndimo yanamoanguliwa. Huyafumbata muda wa majuma kama matatu, na kwa muda huo kula kwake ni shida. Awatoapo watoto, wamekwisha kuwa samaki kamili, nao huingia mara moja katika nyufa za mawe yale yale alimozaliwa mama yao. Hawana umri wa kuelea. Basi jabali hubaki na watu wake, kizazi baada ya kizazi, kama kijiji kisichooana na vijiji vingine.

Na chakula chao kimegawanywa kama cha ndege wa Galápagos, ila kazi ya mdomo wa ndege hapa hufanywa na meno. Mawe yaliyo karibu na uso wa maji yamefunikwa na mwani mwembamba kama manyoya, na ndani yake wamo wadudu wadogo. Labeotropheus fuelleborni, aliyepewa jina na Ahl katika mwaka 1926 kwa heshima ya Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekusanya samaki ziwani, ana pua iliyotokeza juu ya kinywa, na kinywa chake kiko chini, hata aweza kuukwangua mwani huku mwili wake umelala sambamba na jiwe. Petrotilapia ana meno mengi membamba yanayoonekana hata afumbapo kinywa, naye huyatumia kama kitana. Labidochromis ana meno ya mbele kama koleo, huchagua mdudu mmoja mmoja. Cynotilapia huacha mawe kidogo na kula vijidudu vielevyo majini. Na yuko Genyochromis mento, ambaye kazi yake ni kung'ata magamba na mapezi ya wenzake. Huyo ndiye ndugu wa tabia wa yule ndege anywaye damu.

Kwa habari ya muda uliopita, yatosha kusema machache. Vipande vya udongo vilivyotobolewa chini ya ziwa katika mwaka 2005 vilionyesha kuwa kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palikuwa na kiangazi kikuu, hata maji yakashuka kiasi cha mita 600. Mawe tunayoyazungumzia yalikuwa basi nchi kavu, na kila fungu la mawe lilipata wakazi wake maji yaliporudi. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa katika mwaka 2018 ulionyesha kuwa sikilidi wa spishi mbalimbali wa ziwa hili hutofautiana kwa wastani wa 0.1 hadi 0.25 tu katika mia. Kwa macho hawafanani. Kwa damu ni ndugu wa karibu mno.

Nafika sasa kwa samaki ambaye kwa ajili yake nimeshika kalamu. Kati ya Ruhuhu na Liuli yako mafungu mawili ya mawe, moja laitwa Pombo na la pili Ndumbi. Katika mafungu hayo mawili, wala si pengine popote ulimwenguni, anaishi mbuna mdogo asiyezidi sana urefu wa kidole, mwenye rangi ya samawati iliyokatwa na mapande meusi. Mbuna wengi madume wana rangi kali na majike wamefifia. Huyu dume na jike wamevaa nguo moja. Hula mwani wa mawe. Ad Konings alimweleza katika mwaka 1994, kwa samaki waliotoka Pombo, akamwita Pseudotropheus demasoni, kwa heshima ya Laif DeMason, mfanyabiashara wa samaki wa Marekani. Katika mwaka 2016 wataalamu walimhamisha katika jenasi nyingine, na tangu hapo ni Chindongo demasoni. Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile umemtia katika orodha yake ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka.

Msomaji na aangalie mambo yaliyompata jina. Sehemu yake ya kwanza imekwisha kubadilika mara moja. Sehemu ya pili ni jina la mtu, limetiwa kiishio cha Kilatini kilicho sawa na "wa" yetu: samaki wa DeMason. Kitu kisichobadilika katika habari yake ni mahali. Wafugaji wa samaki wa Ulaya na Marekani wanalijua hilo kuliko sisi. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, niliingia siku moja katika duka la samaki wa mapambo kwa kukimbia baridi, nikaona katika tangi la kioo kibandiko kilichoandikwa Mbamba Bay. Nilidhani nimesoma vibaya. Muuza duka alinieleza kwa subira kuwa jina la mahali ni sehemu ya jina la samaki: aliyenunua wa Mbamba Bay hamchanganyi na wa Liuli, ijapokuwa wote wawili ni wa spishi moja, kwa kuwa rangi zao hazilingani na mnunuzi hataki zichanganyike. Yuko Labidochromis mmoja ambaye kwa miaka mingi ameitwa kwa jina la Hongi tu, yaani kisiwa chake, pasipo jina la Kilatini la pili. Wafanyabiashara hao, kwa ajili ya fedha, wametunza jambo ambalo Darwin mwenyewe alilisahau.

Lakini wameyatunza majina hayo kwa masikio ya kigeni. Vitabu vya samaki vyataja kisiwa kimoja karibu na Mbamba Bay kwa tahajia Ngkuyo. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza angesema mara moja kuwa mfuatano "ngk" haumo katika maandishi ya Kiswahili sanifu, wala hausaidii katika lugha za jirani; mwandishi alisikia king'ong'o kabla ya "k", akakiandika mara mbili. Kwangu mimi jina hilo lamkumbusha msikiaji mkuyu, mti ulao wenyeji wa mwambao matunda yake, lakini neno la mwisho ni la wazee wa mahali pale. Puulu huandikwa kwa irabu mbili; je, ni urefu wa irabu wenye maana katika lugha ya wenyeji, au ni mkono wa mwandishi tu? Hapa Kiswahili hakiwezi kuwa hakimu peke yake. Mwambaoni husemwa Kinyasa, Kimpoto na Kimanda, na milimani Kimatengo, ambacho kina irabu saba. Alfabeti yenye irabu tano ikilishika jina la lugha yenye saba, majina mawili yaliyo mbalimbali yaweza kuandikwa kama moja. Kwa majina ya mashamba hasara hiyo ni ndogo. Kwa majina ya mawe ambayo kila moja lina samaki wake, ni hasara ile ile ya kuwatia ndege wa visiwa viwili katika mfuko mmoja.

Majina ya ziwa hili yana desturi ya kurundikana. Nyasa kwa Kiyao ni ziwa, ndugu wa nyanja na nyanza. Kwa hiyo asemaye "Ziwa Nyasa" amesema ziwa mara mbili, na asemaye "ghuba ya Mbamba Bay" amesema ghuba mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiingereza. Hakuna ubaya. Lakini twaona humo jinsi jina linavyoweza kuendelea kutumika baada ya maana yake kusahauliwa, na ndiyo sababu nasema kuwa majina ya mawe yaandikwe sasa, wakati wajuao maana wangali wapo.

Huenda mtu akauliza kama kuna haraka. Iko. Mbuna wa jabali moja hana pa kukimbilia, na mambo mawili yaweza kumfikia. La kwanza ni kuvuliwa kwa biashara ya mapambo. Kwa upande huu iko nafuu, kwa kuwa demasoni huzaliana vyema katika matangi, na wauzwao ng'ambo wengi wamezaliwa huko huko. La pili ni tope. Tope hulalia mwani wa mawe na kuuua, na maji yakichafuka rangi hazionekani. Jambo hili la pili lina uzito, kwa kuwa mbuna huchaguana kwa rangi. Katika Ziwa Victoria, Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika mwaka 1997 kuwa maji yalipochafuka, furu wa spishi mbalimbali walishindwa kutambuana, na tofauti zao zikaanza kufutika. Furu wa ziwa lile walikwisha kupata pigo la sangara aliyeletwa katika miaka ya 1950, ambaye katika miaka ya 1980 aliwamaliza kwa mamia ya spishi. Na neno furu, kama mbuna, lilikuwa moja kwa wote, hata wengi wao walitoweka pasipo kuwa na jina katika lugha yoyote ya Afrika.

Tope la Ziwa Nyasa hutoka milimani, na hapo habari ya Mbinga yaingia. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa njia iitwayo ngolo, ambayo Waswahili wameiita ngoro kwa kubadili "l" kuwa "r". Nyasi zilizokatwa hulazwa katika mistari inayokatana kama miraba ya mkeka. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi. Maharage na mahindi hupandwa juu ya matuta, na shimo lililobaki hukamata maji ya mvua na udongo wake. Mlima mzima huwa kama sega la nyuki. Mito ishukayo upande wa magharibi kutoka nchi ya namna hiyo hufika ziwani na tope kidogo kuliko ile itokayo katika mashamba yaliyolimwa wazi. Kwa hiyo jembe la Mmatengo, bila yeye kukusudia, lina sehemu katika usafi wa maji ya mbuna. Na hapo Ndumbi penyewe imejengwa bandari itazamiwayo kupitisha makaa ya mawe yachimbwayo Mbinga. Sisemi kuwa bandari ni mbaya. Watu wa mwambao wameitaka barabara na bandari siku nyingi. Nasema tu kuwa mahali pale ni moja kati ya sehemu mbili za kiumbe mzima.

Tuseme sasa kuwa kijiji, au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, chataka kuandika sheria ndogo ya kumhifadhi. Sheria ya kijiji huandikwa kwa Kiswahili. Itaandikwaje? Ikisema "ni marufuku kuvua mbuna katika mawe ya Ndumbi", imemkataza mtoto mwenye ndoana asivue hata mbuna ambao hawana upungufu wowote, na sheria kama hiyo haitashikwa. Ikisema "ni marufuku kuvua Chindongo demasoni", hakuna aliyekatazwa, kwa kuwa hakuna aliyeelewa. Istilahi tulizo nazo, spishi na jenasi, zatosha katika darasa na katika jarida; lakini istilahi ya daraja si jina la samaki.

Kiswahili kina njia yake ya kutunga majina ya namna hii, nayo ni ya zamani: jina kuu likifuatwa na sifa ionekanayo kwa macho, kama punda milia. Mtu angependa basi kusema "mbuna milia", na kwa samaki mwenye mapande meusi sifa hiyo yamfaa. Lakini lipo shauri. Boulenger alikwisha kumpa mbuna mwingine jina la zebra katika mwaka 1899, samaki aenezaye ukoo wake katika mawe mengi ya ziwa, na wafugaji wote humwita hivyo. Tukisema "mbuna milia" peke yake, tumewapa jina moja wawili. Jina la rangi nalo halitoshi, kwa kuwa samaki wa samawati ni wengi. Jina la mahali peke yake, "mbuna wa Pombo", lakosea kwa upande mwingine: mawe ya Pombo yana mbuna wengine kadhaa, na huyu yuko Ndumbi pia. Naona basi kuwa hatuna budi kuunganisha yote mawili, sifa na mahali, tuseme "mbuna milia wa Pombo", tukifuata kwa Pombo desturi ya elimu ya viumbe ya kushika mahali alipotoka samaki wa kwanza kuelezwa. Jina hilo ni refu kidogo, lakini mvuvi wa Ndumbi akilisikia atajua ni samaki gani, na aliye London akilisikia atajua vile vile. Ikiwa wazee wa Ndumbi wana jina lao fupi zaidi kwa Kimanda au Kimpoto, hilo ndilo lichukuliwe, na langu liachwe.